Ufagio na Mpira

Vyama vya kuwahudumia watu si jambo geni mjini Nairobi. Chama cha Rotary, kilichoanzishwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1905, kilifika Nairobi mwaka wa 1930. Wanachama wake walikuwa wafanya biashara na wenye vyeo, watu waliokuwa na ziada na wakapenda kuigawa. Huo ni wema, na wema haukataliwi. Lakini katika mitaa ya Eastlands kilizaliwa chama cha namna nyingine, ambacho wanachama wake hawakuwa na ziada ya kitu chochote ila nguvu za mikono yao.

Kutoka Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa kwa mpango maalumu mwaka wa 1973, si mwendo mrefu kufika bonde la Mathare. Huko vibanda vya mabati na udongo vilisongamana. Katika miaka ya 1980 taka zilirundikana njiani, mitaro ikaziba, na mvua iliponyesha maji machafu yaliingia majumbani. Watoto walicheza papo hapo, kwa mpira waliousuka wenyewe kwa matambara, karatasi za nailoni na kamba.

Mwaka wa 1987 Bob Munro, Mkanada aliyefanya kazi ya mambo ya mazingira mjini Nairobi, pamoja na vijana wa Mathare, walianzisha chama cha michezo kiitwacho MYSA. Sharti lake lilikuwa moja: atakaye kucheza na asafishe mtaa. Timu iliyomaliza kazi yake ya usafi ilipewa pointi sita, nazo zikaandikwa katika jedwali lile lile la ligi. Basi timu hodari wa mabao, ikiwa mvivu wa koleo, iliweza kupitwa.

Msomaji na aitazame vizuri hekima ya sharti hilo. Watoto hawakuhubiriwa kuwa usafi ni jambo jema, kwani maneno hayo huingia sikio hili na kutokea lile. Kazi ilihesabiwa pamoja na mchezo, na aliyezibua mtaro aliheshimiwa sawa na aliyefunga bao. Mwaka wa 1992 Umoja wa Mataifa ulikitunukia chama hicho tuzo ya mazingira ya Global 500.

Mwaka huo huo wasichana nao walianza kucheza. Haikuwa rahisi, maana mama wengi waliwategemea kuteka maji, kupika na kulea wadogo zao. Ilipasa wazazi waelezwe na kuridhishwa kwanza. Kidogo kidogo mabinti wakapata nafasi uwanjani.

Mwaka wa 1994 iliundwa timu ya Mathare United. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka wa 1998 na tena mwaka wa 2000, na mwaka wa 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Hata wachezaji wa timu hiyo kubwa walitakiwa kuwatumikia majirani: kufundisha watoto, kusafisha njia na kueleza hatari za UKIMWI. Sifa haikumwondolea mtu wajibu.

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Vijana wa Mathare walionyesha kuwa mkono mtupu waweza kushika ufagio, na ukaheshimiwa. Hili ni funzo hata kwa mitaa iliyojengwa vizuri, ambako mwenye nyumba hulipa kodi yake, kisha hukaa akingojea lori la taka huku mtaro ukinuka mlangoni pake. Kudai haki kwa wakubwa wa mji ni sawa kabisa. Lakini lori likichelewa, majirani kumi wenye makoleo waweza kuuzibua mtaro huo asubuhi moja, na watoto watakaowaona wakifanya hivyo hawatahitaji kuambiwa mtaa ni wa nani.