Mchanga wa Jirani

Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, alirudi kutoka shuleni siku moja na kazi ya mikono: atengeneze mfano mdogo wa chombo cha bahari cha zamani, aukalishe juu ya kibao kinachoonyesha mazingira yake. Akachagua mtepe. Babu yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akimhadithia habari za vyombo hivyo vya Lamu na visiwa vyake, vilivyoshonwa mbao zake kwa kamba za usumba badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake likiwa la mkeka. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini katika kichwa cha mwanangu ilikuwa ingali inakwenda.

Chombo chenyewe hakikutusumbua. Tulikata boksi gumu, tukalishona kwa nyuzi za usumba, na kipande cha jamvi kuukuu kikawa tanga. Mashaka yalikuwa kwenye kibao. Tulikwenda dukani mjini, tukaonyeshwa vifuko vya majani ya bandia, vijiti vya miti na changarawe za rangi. Tulipopiga hesabu, gharama ilipita shilingi 1,800. Mwezi ule kazi za baba yao zilikuwa zimepungua, nasi tulikuwa na deni la unga na mafuta. Nilimwona mtoto akikirudisha kifuko rafuni polepole, macho chini, nami nikaona haya kuliko yeye.

Nikamwambia, "Twende nyumbani, mwanangu. Ufuo mzima uko jikoni kwetu, na mchanga haununuliwi." Nililisema kwa kujigamba kidogo, wala sikujua kwamba neno hilo litanirudia.

Kweli jiko lilitosha. Fundi seremala wa mtaani tulimwomba kipande cha plaiwudi, akatupa na konzi mbili za unga wa mbao. Unga huo tuliutia rangi ya chakula ya kijani, tukauanika, ukawa majani. Makapi ya chai, yakishakauka juani siku mbili, yalikuwa tope la mikoko hasa. Vijiti vya chelewa kutoka ufagio uliochakaa vikawa mizizi yake, na sponji la kuoshea vyombo, lililofuliwa na kukatwakatwa, likawa matawi. Mawe ya ufuoni tuliyafanya kwa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa, maana sikutaka mtoto aende kuvunja matumbawe.

Tulikosea pia. Mara ya kwanza nilitumia machicha ya nazi kuwa povu la mawimbi. Yalipendeza usiku mmoja tu; asubuhi kibao kilikuwa cheusi kwa sisimizi, kwa kuwa machicha hata yakikauka hubaki na mafuta. Maji nayo tuliyamwagia gundi nyeupe nyingi kwa pamoja, ikabaki na ukungu. Tukabandua, tukapaka rangi ya buluu upya, kisha gundi nyepesi tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Hapo ndipo maji yalipong'aa. Fedha tulizotoa zilikuwa za gundi na rangi peke yake.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, nilikishika kibao karibu na taa nikifurahi. Ndipo nilipouona mchanga. Haukuwa ule mweupe, laini, wa baharini. Ulikuwa wa kahawia, wenye chembe kubwa.

"Umeutoa wapi huu?"

"Hapo nje, Mama. Kwenye lundo la Ami. Wewe ulisema mchanga haununuliwi."

Jirani yetu alikuwa akiongeza chumba juu ya nyumba yake. Vichochoro vya Mji wa Kale haviingii lori, hivyo mchanga wake uliletwa kwa mkokoteni, na kila mkokoteni ulilipiwa. Mwanangu alichota kopo mbili. Sikuweza kumkaripia, kwa kuwa aliyemfunza ni mimi. Nilimfundisha kutafuta kisicho na bei, nikasahau kumfundisha kutazama kama kina mwenyewe.

Nafsi yangu ilinishawishi: ni kopo mbili tu, nani atajua? Lakini mtoto alikuwa akinitazama, akisubiri kuona nitafanya nini. Nikavaa buibui, tukabisha hodi.

Mwanangu alieleza mwenyewe, sauti ikimtetemeka. Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, bila kutabasamu, "Watoto wa mtaa wote wakichota kopo mbili mbili, mimi nitajengea nini?" Niliona uso ukinichoma. Akaendelea, "Nimesamehe, binti yangu, na mchanga ni halali yenu. Lakini yeye aje kesho baada ya Alfajiri, aukusanye ule uliotawanywa na mvua."

Akaenda. Alifagia na kuzoa hadi jua lilipochomoza, akarudi na mavumbi hadi kwenye nyusi, akaoga, akabeba mtepe wake kwenda shule. Alama alizopata zilikuwa za wastani. Mwalimu alisema mikoko imezidi ukubwa. Mwanangu hakujali sana. Sasa kila anapookota kitu, hata kipande cha waya njiani, huniuliza kwanza, "Mama, hiki ni cha nani?"

Dada zangu, watoto wetu siku hizi huletewa kazi za mikono mara kwa mara, na wengi wetu hukopa ili mtoto asionekane mnyonge mbele ya wenziwe. Nawasihi tusikope. Tutazame kwanza ufagio, birika la chai na pipa la taka kabla ya kwenda dukani. Ila tusiwaambie watoto kwamba kisichonunuliwa hakina mwenyewe. Kuomba nako ni bei, na mara nyingi ndiyo bei pekee tunayotakiwa kulipa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ndogo na kubwa. Amin.