Sasa Naisoma Kwanza

Kazi yangu ni sekretarieti ya mtaani, huku Lubumbashi katika komini ya Kenya. (Ndiyo, na sisi tuna Kenya yetu.) Tunachapa TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, barua za kuomba kazi kwenye kampuni za migodi, matangazo ya parokia. Kwa miaka mingi programu zilitufikia kwa njia moja tu, flashi. Kijana anaingia: "Yaya, niko na Office mpya." Anachomeka, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kilichoingia hakuna aliyekijua. Tulijua matokeo tu: kesho yake mafaili ya mteja hayaonekani, naye anatakiwa kwa profesa saa nne.

Nashuhudia kwamba huko nimetoka. Mdogo wangu ndiye aliyeniwekea Debian, mfumo endeshi huria, kwenye mashini moja. Watu hudhani nilivutwa na bure. Bure tulikuwa nayo siku zote, ya wizi. Mimi nilishikwa na amri moja ya kuandika kwa mkono: apt-get -s install, kisha jina la kifurushi cha programu. Hiyo s inaiambia kompyuta ijifanye tu inasakinisha, isiguse kitu. Inakuandikia mstari kwa mstari: Inst ni kitakachoingia, Conf kitakachopangwa, Remv kitakachoondolewa. Mimi huanza na Remv. Kuna siku nilijaribu kifurushi cha printa kilichotoka nje ya hazina ya Debian, nikaona Remv na mbele yake libreoffice-writer, yaani chombo cha kuandikia kinachotulisha. Sikuendelea.

Jaribio likipita, naiondoa s. Hapo, kabla ya kukubali, apt-get inataja ukubwa wa kupakua na nafasi itakayoliwa kwenye diski. Kwa mtu anayenunua mega kwa hesabu, hiyo ni habari ya pesa. Mara nyingi natumia --download-only usiku, kisha nachukua mafaili kutoka /var/cache/apt/archives na kuyapeleka kwa flashi kwenye mashini nyingine. Kwa hiyo flashi sikuifukuza, niliibadilishia kazi.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya usakinishaji, mashini ikiwaka na ukiita apt-get tena, inakutaka uandike dpkg --configure -a, na inaendelea na vifurushi vilivyobaki nusu. Zamani tungeita fundi.

Lakini kusakinishwa bila kosa si ushahidi kwamba programu inafanya kazi. Kifurushi kipya kinaanzia kwenye kompyuta kuukuu ambayo mteja haigusi. Nafungua waraka mrefu wenye majedwali, naangalia herufi za Kifaransa zenye alama, nachapisha ukurasa mmoja kwenye karatasi. Kikishindwa, apt-get purge. Na kama toleo tulilonalo ni zuri na sitaki lipandishwe, apt-mark hold.

Baadaye nilijua kwamba wenye Debian nao hufanya hivyo kwa mapana. Kifurushi huingia kwanza tawi la sid, lenye jina la yule mtoto wa filamu ya Toy Story anayevunjavunja vitu vya kuchezea. Kikikaa siku kadhaa bila hitilafu nzito, kinahamia tawi linaloitwa testing. Kutoka hapo, kila baada ya miaka kama miwili, linatolewa toleo tulivu: la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Wanaojaribu wengi ni watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuripoti kosa kwa amri ya reportbug, hata akiwa katika komini ya Katuba.

Wewe mwenye sekretarieti Kamalondo au Ruashi, usihamishe mashini zote kwa pamoja. Chukua ile moja uliyokwisha kuikatia tamaa, weka Debian, jaribu kila kifurushi kwa -s, na mstari wa Remv usome kabla ya mingine yote.