Usiku wa mwezi, baba alikuwa nyumbani

Nilipoombwa kuandika kurasa mbili tatu juu ya desturi za kwetu Kalemie, nilianza kutafuta mambo makubwa: kutawaza machifu, ngoma za mapacha, na mengine ambayo wazee wanayajua kuliko mimi. Lakini kila nilipoketi na kalamu, kilichonijia ni kitu kidogo tu: usiku wa mwezi, uwanja wa nyumba yetu, nkambo akisuka mkeka, na baba ameketi mlangoni, amempa mgongo. Basi nitaandika juu ya hicho.

Aliyekulia kando ya ziwa hahitaji kuelezwa, lakini watoto wetu waliozaliwa Lubumbashi ao Kinshasa pengine hawajui kwamba mvuvi wa ndakala ana kalenda yake. Ndakala huvuliwa usiku, kwa taa. Wakati ule zilikuwa taa za petroli za kupampu, zenye kuvuma kama nyuki. Leo wengi wanatumia za betri. Samaki wanafuata mwangaza, wanakusanyika, ndipo wavu unainuliwa kutoka chini. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linakuwa taa moja. Samaki wanatawanyika na mvuvi anachoma petroli yake bure. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi inapandishwa mchangani, na kwa muda wa juma moja hivi, mara nyingine zaidi, wavuvi wanalala kwao.

Giza ndilo lilikuwa feza. Usiku wa giza, kutoka kwenye uwanja wetu tuliona taa za wavuvi mbali ziwani, ungesema kuna mji mwingine kule. Mama alikuwa akisimama pale na kukisia ya baba ni ipi. Hakuna kati yetu aliyemwambia kwamba haiwezekani kujua. Asubuhi baba alirudi na harufu ya petroli na ya samaki, akala, akalala. Sisi tulikwenda masomoni kwa kunyata ili tusimwamshe. Mama na shangazi walianika ndakala juu ya mchanga, na zikikauka zilijazwa mifukoni na kupandishwa treni, Nyunzu, Kabalo, Kamina, hadi Lubumbashi. Kwa hiyo wakati wa giza tulikuwa na pesa lakini hatukuwa na baba. Wakati wa mwezi tulikuwa na baba, na kwa duka la jirani tulikuwa na deni.

Ndiyo, usiku ule mzuri ulikuwa usiku wa njaa kidogo. Ndakala mbichi hazikuwepo, na zile kavu bei ilipanda. Tulikula bukari ya muhogo na sombe, mama akipima mawese kwa kijiko kama dawa. Lakini muulize yeyote kati ya wadogo zangu ni siku zipi anazikumbuka. Hatakutajia siku za samaki.

Nkambo, mama mzazi wa mama, alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba. Alikuja kwetu baada ya babu kufariki, na baba alimjengea kinyumba nyuma ya uwanja. Hapa inabidi nieleze jambo la bukwe, kwa maana bila hilo hadisi yangu haishikiki. Kwetu, muntu na mama mukwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kusema moja kwa moja wanaepuka. Si chuki, ni heshima iliyo nzito kuliko heshima nyingine zote. Baba aligeuza mlango wa kile kinyumba utazame upande wa ziwa, ili nkambo akitoka wasigongane macho. Kwa miaka yote waliyoishi katika uwanja mmoja, maneno yao yalipitia kwa mama, na mama asipokuwepo yalipitia kwangu.

Nilikuwa mjumbe mzuri. Nkambo aliniambia, «Mwambie baba yako paa inavuja,» na baba aliyekuwa hatua sita kutoka pale, ameshasikia kila kitu, alingoja mpaka nifike mbele yake na kurudia. Kisha alijibu, «Mwambie nkambo yako, kesho nitapanda juu.» Nikarudi hatua sita. Wadogo zangu walicheka. Wakubwa hawakucheka hata mara moja.

Usiku wa mwezi wote walikuwa nje. Nkambo alitandika kazi yake katikati ya uwanja, kwa kuwa mwanga ulitosha kusuka, akatuhadisia juu ya Kalulu na ujanja wake, na juu ya safari za watu wake wa zamani. Baba aliketi kizingitini akiwapa mgongo, akishona nyavu. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba hadisi zile zilikuwa zake pia. Nkambo alipofika mahali pa kuchekesha, mabega ya baba yalitikisika. Na nkambo, bila kugeuza kichwa, aliongeza sauti kidogo.

Mikeka yake ilikuwa na pembetatu nyeusi zikifuatana, pembe kwa pembe. Aliziita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya. (Wenzetu wa pwani wanasema mbalamwezi kwa mwanga wa mwezi, maneno haya ni ndugu.) Umbo hilo Watabwa waliliweka kwenye mikeka, vikapu, viti na sanamu. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, kilifanya maonyesho ya sanaa yao na kutoa kitabu kikubwa, na jina la kitabu lilitoka katika umbo hilohilo. Mwaka ule nkambo alikuwa akiuza mikeka yake sokoni, na wanunuzi walitaka awapunguzie bei.

Kitu kimoja hawakuweza kupatana. Kwa nkambo, usiku ambao mwezi haukuonekana kabisa, baada ya ule wa zamani kufa na kabla ya ule mpya kuchomoza, ulikuwa usiku mbaya. Muntu hakuanza safari, hakuanza kazi. Kwa baba, usiku huohuo ulikuwa mzuri kuliko zote. Kila mwezi nilibeba maneno yaleyale.

«Mwambie baba yako, leo asiende. Mwezi haiko.»

«Mwambie nkambo yako, mwezi haiko, njo maana naenda.»

Mwaka 1984, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ulishuka usiku kama huo. Wanaolijua ziwa letu wanajua kwamba linapoamka kutoka kusini halina mchezo. Mawimbi yanakuja marefu, moja nyuma ya lingine, kama bahari. Kabla ya saa nane za usiku taa zote zilikuwa zimezimika, mji ule wa ziwani ukatoweka. Mama alisimama palepale pake pa kukisia, na hapakuwa na kitu cha kukisia. Nkambo alitoka, akaketi chini karibu naye. Hakusema «niliwaambia». Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, na sijaona wengi wenye uwezo wa kulizuia neno hilo.

Asubuhi wengine walirudi. Baba hakurudi. Saa sita za mchana tulimwona akija kwa miguu kando ya maji, yeye na wenzake wawili. Upepo uliwatupa mbali upande wa kaskazini. Wavu ulikuwa umepotea, na taa zote. Aliingia uwanjani akaketi chini, palepale kwenye jua, akiwa amelowa. Mama alikuwa akilia. Na mimi, mjumbe, nilikuwa nikingoja nani anitume.

Nkambo hakunituma. Alichukua kata ya maji, akapita mbele yangu, akapiga magoti mbele ya baba, akamwangalia usoni. Akasema: «Mwanangu, kunywa.»

Baba alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akalia. Kisha nkambo akasimama, akarudi kwa kinyumba chake, na kuanzia kesho yake bukwe iliendelea kama kawaida, mimi na hatua zangu sita. Ila baba tangu siku ile hakwenda tena ziwani usiku ule mmoja wa mwezi kufa. Wavuvi wenzake walimtania, wakamwita mukwe wa mwezi. Deni letu dukani liliongezeka kwa usiku mmoja kila mwezi, na mama alilipa bila kunung'unika.

Mimi nilikwenda kusoma Lubumbashi. Mwezi wa nane 1998 vita vikafika Kalemie, na kwa karibu miaka mitano mji wetu ulikuwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Treni haikupita. Mwaka 2001 nilipata barua iliyovuka ziwa hadi Kigoma, ikashuka kwa meli hadi Mpulungu, ikapita Zambia mkononi mwa mfanyabiashara asiyenijua. Ilikuwa na miezi mitatu. Nkambo amefariki, ameshazikwa, matanga yameondolewa. Mama aliandika kwamba baba ndiye aliyechimba kaburi pamoja na vijana, akakataa kupumzishwa.

Niliporudi baada ya vita, mama alinionyesha mkeka wa mwisho. Ulifika nusu. Vipande vilivyobaki vya ukindu vilikuwa bado vimening'inia pembeni. «Hatukujua pa kuendelea,» alisema. Yeye hakujifunza kwa sababu alikuwa na ndakala za kuanika. Mimi sikujifunza kwa sababu nilikuwa mwanaume na mwanafunzi, na niliona haya.

Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 liliangusha ukuta mmoja wa kinyumba chake. Miaka hii ya karibuni, tangu 2020, ziwa lenyewe limepanda. Uwanja wetu umeingia majini, na mama sasa anaishi juu, mbali na mchanga. Wazee wanasema ziwa hupanda na kushuka, na wana haki: Stanley alipopita 1876 alikuta mlango wa Lukuga umezibwa na matete na mchanga, na miaka mitatu baadaye Thomson akakuta mto unakimbia. Labda uwanja utarudi. Baba hayupo tena wa kuungoja.

Mkeka uliokolewa kabla ya maji. Uko kwa dada yangu, na binti yake wa miaka kumi na mitano amejitia kuumaliza. Anafungua mstari wa nkambo, anauhesabu, anaufunga tena. Mara ya mwisho nilipowatembelea alikuwa amefikisha pembetatu nne. Ya tano imekwenda upande, na hataki kuambiwa aifungue.