Jukwaa Lilikuwa na Taa Kabla ya Nguzo za Umeme

Kijana mmoja anayekodisha taa za rangi kwenye kumbi za harusi hapa Kasulu, mkoani Kigoma, alinipa shikamoo, akanisogezea kiti, akaniuliza kwa adabu: "Mzee, wanasema ulikuwa fundi taa wa maigizo tangu ukiwa shuleni. Taa zipi, na umeme haukuwepo?" Hakuwa na kejeli. Amekulia kwenye mji wenye nguzo na mita za LUKU, na kwake taa na umeme ni kitu kimoja. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu muziki ulikuwa umeshaanza. Hili ndilo jibu lake refu.

Miaka ya 70, sokoni Kasulu palikuwa na mzee aliyetengeneza karabai. Kibanda chake ungekitambua hata ukiwa umefumba macho: kwanza harufu ya spiriti, halafu mafuta ya taa, halafu moshi wa lehemu. Mezani alizipanga karabai za watu kwa zamu ya kufika. Zilikuwepo Petromax za Kijerumani, zilizobaki misheni na kwa wafanyabiashara wa zamani, na zilikuwepo Anchor na Butterfly za Kichina, ambazo kila mwaka zilizidi kuongezeka. Hakuanza na kioo wala tangi. Alianza na ngozi ya pampu, kile kikombe kidogo kinachosukuma hewa ndani. Ngozi ikikauka, unapiga pampu bure. Aliichomoa, akaikanda kwa vidole vyenye mafuta mpaka ikalainika, akairudisha mahali pake, kisha akapiga pampu huku ameinamisha sikio. Kwa mlio tu alijua kama hewa inavuja na inavujia wapi.

Sisi watoto tulisubiri kifuko kipya kichomwe. Kifuko cha karabai ni kitambaa chepesi kilicholoweshwa chumvi za madini. Ukikifunga na kukiwasha mara ya kwanza, uzi wote unaungua na kuacha jivu jeupe lenye umbo lilelile la kifuko. Jivu hilo, likipashwa na mvuke wa mafuta unaowaka, ndilo linalotoa nuru. Ugunduzi huo ni wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka 1885, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin ikaoanisha kifuko na tangi la mafuta ya taa lenye pampu. Mzee wetu hakuwa na haja ya majina hayo. Alijua kwamba jivu likiguswa na njiti ya kiberiti limekwisha, na kwamba tone la mvua likikipiga kioo cha moto, kioo kinapasuka. "Mwanangu, usiiharakishe," aliniambia siku aliyoniruhusu kuwasha ya kwanza. "Acha spiriti iishe yenyewe. Ukifungua mafuta mapema, itakuunguza nyusi."

Kwa mzee huyo shule yetu ilikwenda kuazima taa kila mwisho wa muhula, wakati wa jioni ya maigizo, ngonjera na kwaya. Mwalimu wa Kiswahili alinituma mimi kwa kuwa nilikuwa nashinda pale kibandani. Mzee alitupa karabai tatu. Akatupa pia kitu ambacho sikukitegemea: madebe ya mafuta yaliyokatwa ubavu mmoja, yametobolewa juu ili joto litoke, yana waya wa kuning'inizia. Karabai ikikaa ndani ya debe, nuru haitawanyiki tena uwanja mzima. Bati linairudisha yote upande uliokatwa, na unaweza kuielekeza utakako. Mzee alikuwa anatengeneza madebe hayo kwa ajili ya wauza nyama wa jioni, ili mteja aone nyama na asiumwe macho. Nilipoliona debe moja limetundikwa juu ya jukwaa letu la mbao, likimwangazia mwigizaji mmoja na kuwaacha wenzake gizani, nilijua kazi ninayotaka kufanya maishani.

Karabai haipunguzwi kwa swichi. Kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuifunika kwa debe zima, na hapo giza linaingia papo hapo lakini vumi la taa linabaki. Ya pili ni kufungua kiskurubu cha tangi na kuitoa hewa. Nuru nyeupe inageuka njano, inageuka nyekundu, na vumi linapungua pamoja nayo mpaka vyote viwili vinakoma. Tulipoigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 na iliyosomwa na kila mwanafunzi wa rika langu, tuliifanya njia hiyo ya pili mwisho kabisa. Jioni nzima waigizaji walikuwa wakipaza sauti kulishinda vumi la taa. Lilipokoma, watu waliusikia ukimya wenyewe, na hakuna aliyepiga makofi kwa muda. Na pale Kinjeketile anapotoka mtoni tuliiweka karabai chini, nyuma ya kitambaa cha buluu, ili nuru impande kutoka miguuni. Uso ukiangaziwa kutoka chini, macho yanaingia ndani na paji la uso linabaki na kivuli. Bibi mmoja mstari wa mbele alijifunika kanga usoni.

Mvua za kwanza zilikuwa na mtihani wake. Oktoba na Novemba kumbikumbi walizifuata taa kwa maelfu, na watoto walipanda jukwaani kuwakusanya katikati ya mazungumzo ya waigizaji. Dawa tuliipata hukohuko vijijini: karabai moja ikawekwa mbali, nyuma ya watazamaji, juu ya beseni la maji. Kumbikumbi wengi wakaenda huko, mama zetu wakapata kitoweo, na mchezo ukaendelea.

Tukialikwa Kibondo tulipanda lori la mazao. Barabara ya vumbi jekundu ile haikuruhusu jivu la kifuko kufika salama, kwa hiyo vifuko tulivibeba vikiwa kitambaa na kuvichoma baada ya kufika, kabla watu hawajaanza kukusanyika. Kibondo ndiko nilikojifunza kulitumia jua. Kigoma tunatumia saa moja na Dar es Salaam, ilhali tuko magharibi mbali, na jua letu linazama zaidi ya nusu saa baada ya lao. Tulijenga jukwaa likitazama magharibi, tukaanza mchezo kiasi cha saa kumi na mbili jioni. Mianga ya machweo ikawapiga waigizaji usoni kwa rangi ya dhahabu, na onyesho la pili likaanza wakati nuru hiyo inaondoka na karabai zinachukua zamu. Hakuna mtazamaji aliyeweza kusema taa ziliwashwa lini. Kazi ya taa ikifanywa vizuri ndivyo inavyokuwa: watu wanamkumbuka mwigizaji na huzuni yake, na fundi hawamkumbuki.

Nimeangalia miaka ili nisimpotoshe kijana. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na jumba lake kubwa la maonyesho lenye paa la makuti lilifunguliwa mwaka 1990 kwa msaada wa Sweden. Mimi nilifika pale nikiwa mwalimu tayari. Zaidi ya miaka hiyo nakumbuka joto. Taa ya wati 1,000 inaunguza, na ukiigeuza bila glavu unabaki na alama. Pale nilikuta dima kwa mara ya kwanza: unasukuma kidude kidogo juu ya meza na nuru inapungua polepole bila jivu wala vumi. Nilikuta jeli, zile karatasi za rangi zinazowekwa mbele ya taa. Na niligundua jambo ambalo vitabu vya kigeni tulivyosoma havikulieleza vya kutosha, kwamba ngozi yetu nyeusi haitaki nuru nyingi ya mbele. Nuru ya mbele inaulaza uso na kuufanya bapa. Nuru ya ubavuni, yenye rangi ya joto kidogo, inashika shavu, pua na bega, na mwili unasimama. Mzee wa karabai alishayajua hayo. Debe lake alilitundika pembeni, kamwe si mbele.

Nilisoma pia kwamba Richard Wagner, alipofungua jumba lake la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, aliwakalisha watazamaji gizani, jambo lililowashangaza watu waliozoea kutazamana mavazi ukumbini. Na kwamba Savoy ya London, mwaka 1881, ndiyo iliyotangulia kuangazwa yote kwa umeme. Nilizisoma habari hizo kwa heshima, lakini nilitoka kwenye wilaya ambako mtazamaji alikuwa gizani tangu mwanzo, na macho yake yote yalikuwa kwa aliyeangaziwa.

Mwaka 2002 jumba la Bagamoyo liliungua. Makuti hayana msamaha kwa moto. Lilijengwa upya, na mwaka 2007 chuo kikawa taasisi, TaSUBa. Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani.

Nyumbani nilikuta kambi za wakimbizi. Miaka ya kambi hizo ni mirefu, na wengi wa wasomaji wangu wanaijua kuliko ninavyoweza kuieleza. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka upya. Michezo ya huko ilikuwa ya kipindupindu, ya ugomvi wa nyumbani, ya kurudi au kutorudi, na karibu yote ilichezwa alasiri kwa sababu watu wa mashirika walitakiwa wawe mjini kabla ya giza. Kazi yangu ikawa kulipanga jukwaa kwa kivuli: mti uko wapi, jua litakuwa wapi saa kumi, ngoma za Warundi ziingie kutoka upande gani ili vumbi liwake nyuma yao. Usiku niliwahi kutazama umati wa kambi ukiwa mbele ya sinema ya lori, maelfu ya nyuso zikiangaziwa na skrini moja. Sijaona ukumbi uliotulia namna ile.

Baadaye zikaja jenereta za TANESCO, zikaja taa za sola, na mwaka 2022 Gridi ya Taifa ikatufikia kupitia Nyakanazi. Nilifurahi na bado nafurahi. Wodi ya wazazi haiwezi kurudi kwenye kibatari, na sitaki mtoto yeyote wa Kasulu asome kwa moshi.

Ila nikiingia ukumbini leo naumia. Taa za LED ni za bei nafuu, hazipati joto, zinatoa kila rangi, na kwa hiyo rangi zote zinawashwa kwa wakati mmoja. Bibi harusi anapakwa zambarau, babake kijani, na kijani juu ya ngozi nyeusi inamfanya mtu aonekane mgonjwa. Taa zinazunguka wakati mzee anatoa wosia kwa wanandoa, na hakuna anayemtazama mzee. Shuleni hali ni mbaya kuliko hapo. Nimeona jioni ya maigizo ikichezwa chini ya mirija mieupe ya darini, imewaka tangu wageni walipoingia hadi walipoondoka, mwigizaji na mtazamaji wakiangaziwa sawasawa. Mtoto aliyeigiza kifo alibaki ameanguka mbele ya macho ya wote mpaka mwalimu alipomwambia aamke aondoke. Sisi wenye madebe tungemfunika kwa giza kwa nukta moja tu, naye angetoka na heshima yake.

Zamani ilikuwa na shida zake na siitetei. Ninachotetea ni ujuzi. Karabai ilikuwa adimu, mafuta yalikuwa ghali, kwa hiyo tulilazimika kuamua: nani aonekane sasa, kwa muda gani, kutoka upande upi. Uamuzi huo ndio usanii wa taa, na umeme haukuufuta. Umeme umempa kila mtu nafasi ya kuukwepa.

Haya tunaweza kuyarekebisha bila kungoja mfadhili. Kasulu ina chuo cha ualimu na Kabanga ina kingine, na walimu wanaotoka huko ndio watakaosimamia jioni za maigizo wilaya zote za nyanda hizi, Kibondo, Kakonko na Buhigwe zikiwemo. Wafundishwe taa kama wanavyofundishwa kwaya. Kila bwalo la shule lipate pazia zito madirishani na swichi moja ya kuzima taa zote za darini. Taa nne zinatosha kuanzia, mbili kila ubavu, na mtu mmoja awe amekaa na tamthilia mkononi, ameweka alama kila mahali nuru inapobadilika. Mtu huyo ahudhurie mazoezi tangu siku ya kwanza, asiitwe siku ya onyesho kuja kuunganisha nyaya. Na vijana wanaokodisha taa za harusi, ambao wana vifaa vingi kuliko nilivyowahi kushika Bagamoyo, waalikwe pia. Mikono yao tayari ni mizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nao, kuwasomesha tamthilia ukurasa kwa ukurasa, na kuwauliza kila mara: hapa nani anasema, na kwa nini hawa wengine bado wanaonekana? Kazi hiyo bado naiweza, na atakayeniita nitakwenda.