Tuikague Nyumba Kabla ya Kuinunua

Kununua nyumba ni jambo kubwa katika maisha ya jamaa. Fedha tuliyoiweka akiba kwa miaka mingi hututoka mikononi kwa siku moja. Hata hivyo wengi wetu hutazama rangi ya kuta na mabati yanayong'aa, kisha hulipa. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisi wakaaji wa Bukavu yatupasa kuzidi kuwa na hadhari. Mji wetu umejengwa penye miteremko, na mahali pengi udongo huporomoka wakati wa mvua kubwa. Tena Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, nchi ilitetemeka na nyumba nyingi zikapasuka. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi haujapona kwa sababu hiyo tu.

Tulipotafuta nyumba, tulimwomba fundi mwashi atusindikize, tukamlipa ujira wa siku moja. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, alichukizwa. Akasema, "Wanangu, mmeleta shahidi kana kwamba mimi ni mwongo?" Tukamjibu, "Sivyo, baba. Sisi hatujui kazi ya ujenzi, huyu anaijua."

Fundi alianza nje. Alitazama maji ya mvua hupitia wapi, na kama ukuta unaozuia udongo wa mlima umeinama. Ndani alifungua na kufunga kila mlango, maana mlango unaokwama huweza kuonyesha kwamba ukuta umesogea. Ufa mwembamba kama unywele hakuujali sana. Ule mpana, uendao mshazari kutoka pembe ya dirisha, aliupima kwa kidole. Mwisho alipanda darini, akachoma boriti kwa kisu. Kisu kikazama: mchwa walikuwa wameula mti wote kwa ndani.

Mzee akanyamaza. Chini ya boriti ile ndipo walipolala wajukuu wake, naye hakujua. Akamshukuru fundi, na jioni ile ile akawahamishia watoto chumba kingine. Nyumba hiyo hatukuinunua, lakini tuliagana kwa amani.

Karatasi nazo zikaguliwe. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Haki ya mtu juu ya kiwanja chake huthibitishwa kwa hati ya uandikisho itolewayo na ofisi ya ardhi. Karatasi iliyotiwa sahihi na muuzaji na majirani peke yao haitoshi. Tuulize ofisini kwanza, ndipo tulipe.

Basi, tusione haya kukagua, wala tusikasirike tunapokaguliwa. Anayeuza kwa haki hapotezi kitu, na pengine ataonyeshwa hatari iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani ataziba ufa asiokubali utazamwe?