SAFARI YA MAKINDU KUTOKA CHANGAMWE

Wakazi wengi wa Changamwe, Kisauni na Likoni waliokwenda Nairobi kwa gari wamekwisha kula chakula cha Kalasinga pale Makindu, lakini waliokwenda Makindu yenyewe ni wachache. Gari husimama, abiria hushuka mbio, huvua viatu, hula dengu na chapati, kisha dereva hupiga honi nao hurudi upesi vitini mwao. Wakiulizwa baadaye ni nyumba ya nani waliyokula, na kwa sababu gani hawakudaiwa hata senti, hawana jibu. Mtu atakaye kulijua jibu hilo hana budi kufunga safari kwa ajili ya Makindu tu, naye ataona kuwa safari hiyo si ghali wala si ngumu, ila yataka kutengenezwa mapema.

Mji mtukufu wa Makalasinga uko mbali, katika Bara Hindi. Ni Amritsar, nchi ya Punjab, ambako hekalu lao kuu lilipata kitabu chao kitakatifu mwaka 1604. Dini yenyewe ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufa 1539. Ni watu wachache wa pwani yetu wawezao kulipa nauli ya kwenda huko. Lakini Makalasinga wa Afrika ya Mashariki wana mahali pao pa ziara karibu zaidi, na mahali hapo ni Makindu, kilomita 320 hivi kutoka Mombasa. Familia nzima hutoka miji ya mbali kwenda kusali hapo, na wengine hukawia siku mbili.

Asili ya jambo hili ni reli, na reli hiyo ilipita Changamwe kabla ya kufika penginepo barani. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896. Njia ikavuka maji ya Makupa, ikapanda Changamwe na Mazeras, kisha ikaingia nyika ya Taru ambamo maji ya kunywa yalikuwa hayapatikani. Serikali ya Kiingereza ilileta watu wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Miongoni mwao walikuwamo Makalasinga wengi wa Punjab, maseremala, wahunzi na waashi hodari. Watu karibu 2,500 katika jeshi hilo la vibarua na mafundi walikufa, wengi kwa maradhi. Wenginewe waliliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898, na mmoja wa hao, jemadari Ungan Singh, alikuwa Kalasinga mwenye nguvu nyingi, aliyenyakuliwa usiku ndani ya hema lake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kazi ilipokwisha wengi walirudi kwao, wakabaki kiasi cha 6,700.

Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa jina la Makindu. Mkindu ndio mti ule ambao majani yake hutupa ukindu wa kusukia mikeka, na miti ya namna hiyo hupenda penye maji. Gari la moshi nalo lilikuwa na kiu kama ng'ombe, na kwa hiyo mahali penye mto, baada ya nchi kavu kiasi kile, pakawa kituo cha maana. Inasimuliwa kwamba jioni, kazi ikiisha, Makalasinga walikusanyika chini ya mti mmoja kumwimbia Mungu, na Mabaniani na Waislamu waliokuwa wakifanya kazi pamoja nao wakaketi nao. Hekalu lilijengwa hapo mwaka 1926. Baadaye kazi za reli zikahamia mbele, mafundi wakaenda nazo, na Makindu ikapoa, hata barabara kuu ilipojaa magari ndipo wageni walipoongezeka tena.

Na katika siku zetu reli imeiruka Makindu mara ya pili. Gari la moshi la abiria la njia ya zamani lilikoma mwaka 2017, na mwaka huo huo ikafunguliwa reli mpya, iitwayo SGR, ambayo stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, hatua chache tu kutoka Changamwe. Reli hiyo haina kituo cha abiria Makindu. Msafiri apendaye reli na akate tikiti ya treni isimamayo njiani, si ile ya haraka, ashuke Kibwezi, kisha apande matatu kwa mwendo uliobakia. Tikiti yafaa ikatwe siku kadhaa kabla, hasa shule zikifungwa.

Wengi, hata hivyo, watachagua basi. Wa Changamwe wamebahatika, kwani barabara ya Nairobi yapita mlangoni pao. Wa Kisauni yambidi avuke daraja la Nyali na kisiwa chote, na wa Likoni ana feri, au barabara ya Dongo Kundu imtoayo Miritini bila kukanyaga kisiwa. Hao wawili na waondoke alfajiri, maana saa moja ipoteayo kwenye msongamano wa asubuhi hulipwa jioni kwa kufika gizani. Kutoka Changamwe ni safari ya saa sita hivi, malori yakiwa mengi. Jambo la lazima ni kumwambia kondakta tangu mwanzo kwamba mtu anashuka Makindu, la sivyo atajikuta Emali.

Njiani kuna mahali pasipofaa kupitwa kwa usingizi. Pale Mackinnon Road, ukingoni mwa reli, uko msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi Mwislamu aliyefanya kazi ya reli pamoja na hao Makalasinga. Masimulizi yasema kuwa karai la udongo alilochukua halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu. Madereva wengi husimama hapo wakaomba salama ya safari. Hivyo njia moja ya chuma imeacha ziara mbili, moja ya Waislamu na moja ya Makalasinga, na zote mbili ni za watu waliokuja kwa kibarua.

Afikapo hekaluni mgeni huvua viatu na kuviacha mahali pake, hunawa mikono, na hufunika kichwa, mwanamume na mwanamke sawasawa. Mwanamke mwenye mtandio au ushungi amekwisha timiza sharti. Mwanamume achukue kitambaa, na asiye nacho hupewa. Sigara, ugoro na pombe visiingie kabisa, hata vikiwa mfukoni, kwa kuwa tumbaku ni mwiko mkubwa kwao. Katika ukumbi wa sala kimewekwa kitabu chao, Guru Granth Sahib, juu ya kiti cha enzi chenye mapazia, nacho huheshimiwa kama mfalme aliye hai. Watu huketi chini mbele yake, na miguu haielekezwi upande wake. Hapo hugawanywa kitu kitamu cha unga, samli na sukari, ambacho mtu wa Mombasa atakifananisha na halua, nacho hupokewa kwa mikono miwili. Mtu ambaye imani yake haimruhusu kuingia ibada ya wengine aweza kukaa nje kwa adabu, na hatanyimwa chakula.

Jiko lao huitwa langar. Dengu, mboga, wali, chapati na chai hutolewa kwa kila ajaye, wala haulizwi dini yake wala kabila lake. Nyama haipikwi humo kabisa, na kwa sababu hiyo Mwislamu wa Likoni hana haja ya kuuliza nani amechinja. Desturi hiyo ni ya tangu Guru Nanak. Makalasinga husimulia kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa Bara Hindi, alipokuja kumwona Guru wa tatu, Amar Das, alikaa kwanza chini na kula pamoja na maskini.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Reli ile ile iliyozaa hekalu hili iliwapanga watu kwa rangi miaka mingi. Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili, na Mwafrika akajazwa la tatu. Nyumba za wafanya kazi wa reli nazo zilitengwa hivyo hivyo. Haifai kusimulia habari za Makindu kana kwamba Wahindi na Waafrika waliishi kama ndugu enzi zile, kwa maana haikuwa hivyo, na wazee wa Changamwe waliopanda daraja la tatu hawatakubali. Lakini sheria ya jiko hili ilikuwa kinyume cha sheria ya behewa, nayo ilikuwapo karne nyingi kabla ya behewa. Leo mjukuu wa kuli wa Kikamba na mjukuu wa fundi wa Kipunjabi hupokea chapati kutoka kapu moja.

Atakaye kulala vipo vyumba vya wageni, ila ni heri kuuliza mapema, kwa sababu siku za mwisho wa juma, na sikukuu kama Vaisakhi mwezi wa Aprili na kuzaliwa kwa Guru Nanak, hujaa. Malipo hayadaiwi. Lipo sanduku la sadaka, na mtu hutia apendavyo. Kuna namna nyingine ya kulipa ipendezayo zaidi, nayo ni kuomba kazi: kukata vitunguu, kusukuma chapati, au kusimama kwenye mabeseni ya kuoshea sahani. Hakuna akataliwaye. Chakula kisibakizwe sahanini. Afadhali kuchukua kidogo na kurudia.

Basi la kurudi pwani husubiriwa barabarani, upande wa pili. Msafiri wa Changamwe akiondoka Makindu baada ya chakula cha mchana atafika kwake usiku wa mapema. Wa Likoni na akumbuke kubakiza muda wa kungoja feri.