Mlango Ulioninyima Usingizi

Mimi ni fundi wa mabomba. Kwa hivyo kitinda mimba wangu aliponiita nitazame nyumba aliyoijenga chini ya bahari katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, jicho langu lilitua mlangoni kwanza. Loo! Mlango wazi, na maji yamesimama wima nje kama ukuta.

“Huo ni uongo mtupu,” nikamwambia.

Akazima kompyuta, akaenda kulala. Mimi usingizi ulinipaa. Tangu abaleghe kijana huyu hunisemesha kwa nadra, na leo yeye mwenyewe ndiye aliyeniita.

Asubuhi nikachukua bilauri, nikaikandamiza kifudifudi ndani ya karai la maji. Hewa ikayazuia maji yasipande. Nikamweleza kwamba ndivyo kilivyoundwa Aquarius, kituo cha utafiti kilichowekwa baharini Florida, Marekani, mita zipatazo 19 chini. Wapiga mbizi waliingilia kwenye kidimbwi kilicho wazi sakafuni, kwa kuwa hewa ya ndani ilibanwa ikalingana na msukumo wa maji. Kwenye mita 10 tu, hewa hiyo lazima ibanwe maradufu ya hii tunayoivuta huku juu.

Akatoboa sakafu ya nyumba yake. Maji hayakupanda.

“Lakini baba,” akasema akicheka, “humu maji hayapandi kamwe, hata pasipo hewa!”

Basi tukaanza upya: chumba kidogo, milango miwili, na sheria kwamba isifunguliwe yote pamoja. Maji ya chumbani tuliyafyonza kwa sifongo, kisha sifongo yenyewe tukaikausha tanurini. Mamake alituita mezani mara tatu.